Jina Lako Linabisha Kila Asubuhi

Owino, omera, ndugu yangu,

Najua ungenicheka. Balozi, kama mlivyonibatiza kwa safari zangu, anaandika barua, tena kwa kalamu, mtu ambaye shule ilimwacha kidato cha pili na hakuikimbiza. Lakini kuna jambo limekuwa likinifuata tangu tukuzike, na Kisumu nzima hakuna wa kumwambia ila wewe, kwa sababu wewe ndiye unayenifuata. Kaa chini, kama huko kuna viti.

Tulikuzika vizuri. Mimi nilisema maneno marefu pale nyumbani kwenu. Niliwaeleza waombolezaji kuhusu Mwanza, nikawapitisha Kampala, nikawafikisha Doha nilikolinda jumba la maduka lenye barafu ndani na jangwa nje, hadi mjomba wako akanyoosha mkono na kuichukua maikrofoni polepole, kama mtu anayemtoa mtoto kisu mkononi. Watu wakadhani najisifu. Ni kweli nilijisifu. Lakini nilikuwa nakuja kwako, Owino. Nilikuwa nimezunguka njia ndefu tu, kwa sababu ile fupi ilikuwa inapita kando ya jeneza.

Kiti chako ofisini kimekaliwa na printa. Mafriza yetu yako palepale, Dunga, Usoma, Kibuye, kwa akina mama wanaouza samaki, na bado kila friza inatuma sentensi yake kwa zile kompyuta za kukodi zilizo mbali, ambazo wenyewe wanaziita wingu. Sentensi ni nyingi kama omena, dagaa wetu wa ziwani. Kazi yetu bado ni ileile: kuzipekua na kujua friza ya nani inapata joto kabla samaki hawajaanza kunuka. Kazi yangu, niseme. Sasa niko peke yangu.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Nilikuwa nimekodolea macho ile mistari nikasema haya ni maombi ya wazimu. Hukuniletea kitabu. Uliniuliza: ukimwelekeza mgeni kwa mama yangu Obunga, unamwambiaje? Nikasema apite kinu cha posho, asifike kanisa la mabati ya buluu, mlango ulio katikati ndio huo. Ukacheka ukasema basi umeshahitimu. Ukaniambia, "Tafuta jirani wa kushoto, tafuta jirani wa kulia, kilicho katikati ndicho unachotaka. Kichomoe." Na ukaifanya programu iandike kwa Kiswahili ili mimi niweze kuisoma, ingawa Madam mkurugenzi alilalamika. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuibadilishia mashine lugha kwa ajili yangu. Hata Doha hawakunifanyia hivyo, na Doha walinipenda sana.

Halafu ukaniachia lile kosa lako la haraka. Ulipoandika swali, ile amri ya kuchomoa jina la friza, uliiambia mashine ichukue kila kitu kuanzia pale palipoandikwa friza mpaka ifike nafasi tupu ya kwanza. Sasa huku kwetu nani ataandikisha mama wa watu kwa jina tupu? Wote walikuwa Mama fulani. Mashine ikawa inachukua Mama, inagonga nafasi tupu, inasimama. Maonyo yenyewe yalikwenda kwa namba za simu zao, kwa hivyo hakuna samaki aliyeoza, lakini ripoti ya Madam ilikuwa Mama, Mama, Mama, ukurasa mzima kama mtoto aliyepotea sokoni. Akatuita akauliza huyu Mama ana shida gani, mbona kila siku ana joto. Ulicheka mpaka ukashika meza. Ukasema tutarekebisha kesho. Kesho yake ulikuwa na homa.

Sasa nisikilize.

Niliporudi kazini baada ya mazishi nilifungua orodha ya walioingia kwenye mfumo asubuhi hiyo, inayotolewa na swali lako lilelile. Nilikuwa na chai mkononi na mandazi mdomoni. Nikaona hivi:

mtumiaji=owino, kitendo=ingia, friza=Mama, matokeo=sawa

Nikatema mandazi kiganjani.

Mimi si mwoga, unanijua. Nimelinda ghala Mwanza ambalo wenyeji walisema lina watu wasioonekana, nikawasalimia wote na kulala vizuri. Lakini marehemu nyanya yangu alinifundisha kwamba ukisikia jina na humwoni anayeita, usiitike mara ya kwanza. Kwa hivyo sikuitika. Nilifunga laptopu, nikatoka nje, nikasimama juani kama mjusi. Nikajiambia ni mstari wa zamani umechelewa njiani, kama barua za posta.

Asubuhi iliyofuata ukaingia tena. Matokeo, sawa. Na iliyofuata. Mashine ilikuwa inakufungulia mlango, Owino, bila kujua. Ilikuwa haijaambiwa. Mimi niliyekutupia udongo kwa mkono wangu nilikuwa nakaa mbele ya kioo cha laptopu nikikungoja, nusu naogopa uje, nusu naogopa usije. Nilianza kufika ofisini mapema. Nilianza kukuachia kikombe cha chai juu ya printa. Usinicheke.

Siku moja Madam akapita nyuma yangu akaliona jina lako. Yeye ni mtu wa Milimani, ana geti na miti na dereva, lakini si mtu mbaya. Akasema, "Balozi, marehemu hana neno la siri. Kuna mtu analo." Nikamwambia labda ni hitilafu. Akasema hitilafu haiamki kila siku wakati mmoja. Kwa akaunti yako, akanikumbusha, mtu anaweza kuzima friza yoyote kuanzia sokoni hadi ufukweni na kubadilisha rekodi za joto. Akasoma mstari. Friza, Mama. Akauliza Mama yupi.

Akaamua kwamba ni mmoja wa akina mama wenye mafriza, amekuibia simu siku zile za msiba, na neno la siri limo ndani yake. Nikishindwa kumwonyesha ni yupi kabla ya wiki kwisha, atayafunga mafriza yote na kumkabidhi polisi kazi ya kuuliza. Unajua maana yake. Wiki moja bila barafu, na nusu ya wale wanawake wanarudi kuchuuza kwa karai juani. Na wote, kila mmoja, walikuja kukulilia. Wengine walikuja na sufuria zao wakapika.

Basi nikakaa chini na lile swali lako. Nilikuwa sijawahi kugusa kitu ulichokiandika wewe. Niliona kama kuhamisha jiwe kaburini. Jirani wa kushoto nilimwacha palepale, neno friza na alama yake ya usawa. Jirani wa kulia nikamtoa. Badala ya nafasi tupu nikaweka mkato, kwa sababu kila jina linaisha kwa mkato. Nikaiamuru itafute upya mistari yako yote. Ikafikiri. Halafu ikaniletea:

friza=Mama Adhiambo Kibuye

Asubuhi zote. Mashine huandika friza iliyo karibu na simu yako inapowashwa, na ilikuwa hiyohiyo moja.

Nilikwenda Kibuye kwa miguu ili nisifike haraka. Mama Adhiambo aliniona kutoka mbali, akaniuliza Balozi wa nchi gani leo, mbona natembea kama niliyefukuzwa ubalozini, ama wamegundua sina pasipoti. Wanawake wa meza za jirani wakacheka. Mimi sikuweza kumrudishia, na unajua mimi huwa namrudishia. Hapo akaniangalia vizuri. Hakuniuliza nimefuata nini. Alielekeza kidevu nyuma ya friza yake.

Nyuma kulikuwa na waya, na mwisho wa waya simu yako, ile yenye kona iliyovunjika na raba uliyoifunga wewe mwenyewe. Na karibu yake, juu ya kigoda, mama yako anachambua omena.

Nilimsalimia. Akaniambia kaa, nyathina, mwanangu. Nikakaa juu ya kreti. Akanieleza bila mimi kuuliza, kwamba nyumbani Obunga umeme ni wa kubahatisha, kwa hivyo simu anaizima jioni na kuileta hapa kila asubuhi ipate moto. Akishaiwasha, baada ya muda kidogo inalia, ule mlio wa kengele mbili ulioweka wewe wa kukukaribisha kazini. Halafu anaanza kuuza.

Nikamwambia, polepole, kwamba mlio ule ni simu inaingia ofisini kwa jina lako.

"Mimi sijui hayo ya kuingia," akasema. "Mimi nawasha, inalia, najua ameamka."

Omera, niliangalia omena. Niliziangalia moja moja.

Nilirudi nikamwambia Madam yote. Alivua miwani akaishika muda mrefu. Akasema hakuna polisi, hakuna friza itakayofungwa, na nimpelekee mama pole zake. Kisha akasema akaunti lazima ifungwe, kwa sababu simu ile inaweza kuibwa sokoni mchana kweupe, na atakayeiba atakuwa ameshika samaki wa watu wote. Alikuwa na haki. Angekuwa mbaya ningemkasirikia nikapumua. Nilijaribu kubishana, nikataja hadi Doha, lakini Doha haikunisaidia.

Nikarudi Kibuye na laptopu. Ningeweza kuifunga nikiwa ofisini, ni kubonyeza tu, lakini sikutaka mama yako awashe simu kesho yake aikute imenyamaza, afikirie umekufa mara ya pili bila kuambiwa. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea na kazi.

Akasema, "Kwa hivyo unamfungia mlango."

Mama Adhiambo alijifanya anahesabu barafu.

Baadaye mama yako akapangusa mikono kwenye leso. "Funga wewe," akasema. "Usimpe mtu mwingine afunge." Nikafunga, yeye akiwa ameketi hapo kando yangu. Alitaka kujua kama imekuuma. Nikamwambia hapana, Mama. Mimi najuaje?

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kesho yake nikafika ofisini, nikajilazimisha kutofungua orodha. Nikaifungua.

mtumiaji=owino, kitendo=ingia, friza=Mama Adhiambo Kibuye, matokeo=imekataliwa

Alikuwa ameiwasha tena. Alijua haitalia, akaiwasha. Na wewe ukaja, ukabisha, mashine ikakukataa. Kesho yake hivyohivyo, na kila asubuhi tangu hapo. Imekataliwa. Imekataliwa. Nimeona watu wakikataliwa mpakani, uwanja wa ndege, hata kanisani, lakini sijawahi kuona mtu anayekataliwa kila siku na kurudi bila kukasirika. Usiku naliota neno hilo. Naota uko nje ya mlango wa ofisi na mvua inakunyeshea, mimi niko ndani na ufunguo, na mkono wangu haunyanyuki.

Madam akaona tena jina lako kwenye ripoti. Safari hii alisema kwa upole kwamba si vizuri kwangu kuliangalia kila siku, na kwamba naweza kulichuja, maneno machache tu kwenye swali. Nikalichuja katika ripoti yake. Lakini nikaandika swali jingine, langu, la kwanza nililoandika mwenyewe tangu mwanzo bila wewe kusimama nyuma yangu ukinusa chai yangu. Hilo halitafuti joto wala friza. Linakutafuta wewe tu. Huonekana kwenye simu yangu kila asubuhi, mstari mmoja, wakati nafunga viatu.

Asubuhi moja halikuonekana.

Nilifunga kiatu kimoja nikangoja. Nikafunga cha pili. Kioo cha simu cheupe. Nikaangalia kama mtandao upo, upo. Mafriza mengine yote yalikuwa yanatuma sentensi zao, ila wewe tu hukuja. Na hapo, Owino, ndipo nilipoogopa kweli, kuliko siku ile ya kwanza. Miezi yote hii nilikuwa naogopa jina la mfu linapotokea. Kumbe lilikuwa linaniambia kitu kimoja tu, kwamba kuna mkono uliokuwasha.

Sikwenda kazini. Nilikwenda Obunga moja kwa moja, nikabisha, nikaita, nikasukuma mlango. Mama yako alikuwa chini, kando ya kitanda, anawaka homa, midomo imekauka, anaongea na wewe. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Ni mwepesi mno, omera, ni kama kubeba nguo. Hospitalini walimwekea maji na dawa, na daktari akasema kama mama angelala vile hadi jioni, yeye daktari angekuwa anatuambia habari nyingine. Jioni alifumbua macho akaniona, akauliza kwa nini sina soksi. Kisha akauliza nani aliniambia.

Nilimwambia ni wewe. Sikumdanganya.

Amerudi kwa Mama Adhiambo sasa, amekonda lakini anagombana na wateja, dalili nzuri. Nilimpa simu nyingine ndogo ya kunipigia akizidiwa. Ameipokea, ameiweka kabatini. Yako ndiyo anayobeba kifuani.

Kwa hivyo sikuombi tena uniache. Nilikuwa nimeanza barua hii kukuomba hivyo, nikabadilisha njiani. Endelea kuja. Utakataliwa, na itaniuma, na sitaweza kukufungulia. Lakini naapa kwa udongo niliokutupia: swali langu lile halitazimwa nikiwa hai, na asubuhi utakayokosa kubisha, mimi nitakuwa mlangoni kwa mama yako kabla majirani hawajawasha jiko, iwe mvua, iwe nimefukuzwa kazi, iwe viatu sina.

Lala, ndugu yangu. Kesho uamke.

Balozi wako