Buti za Kulwa, Mguu wa Doto

Jumatatu, 2 Juni

Tumechuma pamba tangu alfajiri, mimi na Doto. Mgongo hauna hali. Nimeshapika, nimeshafua, sasa nakaa.

Kulwa kapiga simu toka Dar. Kapimwa afya, yuko sawa. Mwisho wa wiki ijayo anaruka. Omani, jangwani kabisa, kufunga mitambo ya umeme wa jua. Wasichana wawili tu kwenye kundi lote, na mmoja katoka tumboni mwangu. Buti za kazi walizonazo huko ni za kiume tupu, kwa hiyo wasichana waje na zao. Nimesema nanunua mimi. Asiniingilie mtu.

Jumanne, 3 Juni

Kulwa kanitumia maelezo. Nayanakili hapa. Buti za kike. Mbele pagumu pa kulinda vidole, ila pasiwe chuma, chuma kinashika joto. Soli nene isiyolainika kwenye mchanga wa moto. Shingo ndefu, mchanga usiingie. Namba 38. Kisigino kisicheze.

Kabla ya kuanza kazi wanakagua miguu ya kila mtu. Buti isiyomkaa mtu, haruhusiwi kuingia, na kazi wanampa mwingine. Hapo nimesoma mara tatu. Sikupenda.

Anataka nisubiri aje ajaribu mwenyewe. Anafika Alhamisi ya wiki ijayo, kesho yake anaondoka. Nisubiri nini? Nimeshamwambia Abdi wa duka la viatu aagize Mwanza.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeenda mjini na Doto. Abdi kaleta jozi mbili, 38 na 40, nzuri, rangi ya udongo wa kichuguu. Nikamwambia Doto ajaribu. Hawa wasichana ni mapacha. Tangu wazaliwe nilinunua viwili viwili, namba moja, rangi moja. Kwetu pacha mmoja hapewi kitu mwenzake akakosa, bibi yao alikuwa mkali sana kwa hilo.

38 haikuingia hata kidogo. 40 ikamkaa kama ameshonewa. Nikajua Kulwa kakosea kuandika, watoto wa siku hizi wana haraka.

Abdi akasema, "Mama Kulwa, buti haijui mapacha. Chukua namba aliyoandika mvaaji."

Nikamuuliza, wewe ndiye uliyewazaa? Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema basi 38 anairudisha Mwanza.

Nimelipa. Nimemuuza beberu mweusi kupata hela, sijutii.

Doto alitembea nazo dukani kwenda na kurudi. Nikamwambia avue asije akazikunja. Akavua polepole, akavaa katambuga zake za tairi.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani nimewaambia wote. Nilibeba na boksi. Mama mchungaji kagonga ile soli kwa kidole. Kuna mmoja kauliza kama Kulwa mwenyewe kazivaa. Wivu tu.

Usiku sikulala vizuri. Kwa nini mtu aandike 38 kama si 38?

Alhamisi, 12 Juni

Kulwa kafika. Kapendeza, kanenepa kidogo. Kanisalimia kwa magoti kama zamani, "Mwangaluka mayu," ndiyo shikamoo mama ya Kisukuma, hajabadilika. Nikampa boksi kabla hata hajanywa maji.

Zimempwaya. Kavaa soksi mbili, bado. Katembea hapa uani mpaka zizini na kurudi, kisigino kinapanda na kushuka, kidole changu kinaingia nyuma. Kapiga mizunguko kumi. Alipovua, ngozi ilikuwa imeshainuka, maji ndani. Mizunguko kumi tu, tena kwenye udongo wetu huu wa kawaida.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mayu, umemnunulia Doto."

Wakakaa kwenye mkeka, miguu pamoja. Mimi mama yao, sikuwahi kuitazama hivyo. Wa Kulwa mwembamba, laini, umelelewa ndani ya viatu vya shule na vya chuo. Wa Doto umetanuka, vidole vimeachana, kisigino kimepasuka, na lile kovu la kisiki cha pamba. Utotoni mguu ulikuwa mmoja. Mwaka wa kidato cha kwanza mimi na marehemu baba yao tulichagua mmoja asome, mwingine abaki na ng'ombe. Tulisema Doto ana nguvu. Nilijisifu kwa yule mmoja miaka yote hii.

Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeenda kwa Abdi asubuhi, nimemwomba radhi mbele ya wateja wale wale. Hakunicheka. Kampigia mwenzake Mwanza, 38 bado ipo. Nimempa Kulwa hela ya mahindi akazichukue akipita Mwanza. Basi lake limeondoka saa nne, kavaa ndala.

Jioni katuma picha. Kavaa 38, kasimama dukani. Nimeikuza ile picha nikaangalia kisigino. Kaandika: "Nimerukaruka nazo, nimepanda ngazi, hazichezi." Nimelia kidogo. Sikumwonyesha mtu.

Jumapili, 15 Juni

Kulwa ameruka jana. Sikwenda kanisani, nimesema kichwa kinaniuma.

Boksi limekaa siku tatu juu ya kabati, hakuna anayeligusa. Leo nimelishusha nikamwekea Doto mbele yake. Aliniangalia. Akasema, "Za Kulwa zimekataa, ndiyo zimekuwa zangu?"

Nikasema ndiyo. Ningeweza kudanganya, maneno ninayo mengi, wote wanajua. Nikasema ndiyo, na nikasema, mwaka ule ningeweza kukuchagua wewe. Alienda kukamua.

Boksi kaliacha pale pale.

Alhamisi, 19 Juni

Kulwa kakaguliwa, kapita. Kaanza kazi. Joto kali, kasema, lakini miguu mizima. Nimewaambia majirani wawili tu.

Leo niliamka kabla ya jua, nikabaki kitandani. Miaka yote Doto hutoka humu ndani bila mimi kumsikia. Leo nimemsikia. Hatua nzito, uani, kupita zizi, mpaka kwenye njia ya shambani. Nilihesabu mpaka zikaisha.

Boksi liko tupu. Nimelikunja, nimeliweka chini ya godoro.