Jiwe la yaya Osée

Sandrine, soma hii halafu ufute. Ni yaya Osée ndiye alimutupia coach Ignace jiwe. Kaka yangu mwenyewe!

Unajua vile alimupenda wakati Ignace alikuwa anacheza. Siku ya ile goli ya finale, alimubeba kwa mabega mpaka kwetu Kabondo.

Bon, leo timu imefungwa tena, match ya tano. Watu wanaimba "Ignace aende!" Yaya hakuimba. Alors Ignace akapita mbele yao, akainua mukono kuwasalimia kama zamani. Yaya anasema ni ule mukono ndio ulimukasirisha. Akaokota jiwe.

Ilimupiga kwa jicho. Kwa jicho, Sandrine!

Ignace akaanguka. Yaya ndiye mutu wa kwanza kukimbia kumuinua. Ignace akamushika, akamuambia: "Merci, Osée. Wewe haujaniacha."

Haujaniacha!

Sasa docteur amesema ile jicho haitaona tena. Na Ignace anaomba Osée akuje akae naye kwa hospitali, hataki mutu mwingine. Yaya akaniuliza: "Wivine, nimuambie?" Nikamufungia uji ya kupeleka.

Ameenda. Amenipigia simu sasa hivi. Iko anamulisha uji, na bado hajamuambia.