Barua Iliyoangukia kwenye Taka

Mkonze, Dodoma
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, maana meza nimemwazima jirani mwenye ugeni. Je, goti lako linaendeleaje? Limepoa, au bado unapanda kwenda kanisani ukichechemea na kuwaambia watu kwamba hujambo? Kaka Method amenieleza kwamba mibuni imebeba vizuri mwaka huu, nikafurahi sana. Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, na hilo nakuandikia mapema ili usilisikie kwa watu.

Uliniambia kwamba simu haikutoshi, sauti inakatika kabla jambo lenyewe halijafika, na kwamba unataka karatasi uisome kibarazani kwa nafasi yako. Basi ndiyo hii. Ataileta Sista Imakulata anayerudi huko Mbinga kwa likizo, pamoja na mzigo nitakaokueleza.

Huku ni majira ya upepo. Unafagia asubuhi, ukimaliza kunywa chai vumbi limesharudi mahali pake. Miezi ya kwanza midomo ilinipasuka nikawa nacheka kwa shida, na maji ya bomba yanatoka kwa zamu, kwa hiyo chumba changu nusu ni ndoo. Niliyakumbuka sana maji yetu ya mlimani. Lakini nimezoea. Nimejua kupika mlenda, na ugali wa uwele sasa naula bila kutafuta mchele kwa macho.

Uliniuliza hasa nafundisha nini, na siku ile sikukujibu vizuri. Chama chetu kidogo kinakwenda vijijini kuwafundisha watu wazima mawasiliano ya mtandao: kuandika barua pepe, kutuma picha, kuingia kwenye makundi ya wasapu, kumtambua tapeli kabla hajakumaliza. Sehemu yangu kubwa ni maneno. Wewe uliyefundisha Kiswahili miaka yote ile ungeifurahia kazi hii, au ungeninyang'anya chaki.

Mwezi uliopita tulikuwa Haneti, kaskazini mwa wilaya ya Chamwino, tukatumia darasa la shule wakati wa likizo. Nilikuwa na mwenzangu Yohana. Yohana alizoea ofisi za Mtumba, huko kwenye wizara, na watu wa ofisini hawasemi "nipe nakala", wanasema "niweke kwenye sisi", kwa zile herufi mbili za Kiingereza, CC, zinazoandikwa mahali pa nakala. Siku ya kwanza akawaambia wanafunzi wetu, "Mkiandika barua, mniweke na mimi kwenye sisi."

Mzee mmoja akamtazama kwa huruma. "Kijana, sisi tuko hapa tangu zamani. Wewe karibu tu, huhitaji kuomba."

Darasa likacheka, Yohana naye akacheka. Nikaeleza kwamba barua inakwenda kwa mwenyewe, na nakala inakwenda kwa wale wanaostahili kujua. Wakaelewa mara moja, ila jina halikutoka tena, ikawa sisi mpaka mwisho. Ile alama ya "a" iliyojizungusha ndani ya anwani waliipa jina la jongoo, kwa sababu jongoo ukimgusa anajikunja vilevile. Kwenye nenosiri tulikaa muda mrefu. Mzee yuleyule aliuliza, kama ni siri, mbona mimi namwambia aliandike? Ilibidi nigeuke nyuma niangalie ukuta mpaka amalize kuandika, ndipo akaniamini. Vijana wao wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa" sikutaka hata kuwatetea, nilijua ungesikia.

Sasa nikueleze kuhusu Bi Mbeleje. Ni mama wa makamo, mrefu, sauti yake nzito. Ni katibu wa kikundi cha wanawake wanaopiga muheme, zile ngoma za Wagogo ambazo wanawake huzibana mapajani. Alikuwa akija darasani wa kwanza na kukaa mbele, lakini hakuwa akicheka na wenzake. Wanawake watatu wa kikundi chake walikaa nyuma kabisa, na hawakuwa wakimsalimia.

Siku moja tulipotoka nje kupumzika aliniambia mwenyewe. Kikundi kiliomba kwenda kupiga ngoma kwenye tamasha la ngoma za asili huko Mwanza. Mwalimu mmoja wa shule alimfungulia Bi Mbeleje anwani ya barua pepe, wakatuma maombi pamoja, kisha mwalimu akahamishwa. Wakasubiri. Jibu halikuja. Wenzake wakaanza kusema kwamba Mbeleje hakutuma kitu, kwamba alitaka kwenda na ndugu zake tu. Mwisho wake wakaacha kufanya mazoezi. Ngoma zimetundikwa.

"Mimi sikuja kwenye darasa lako kujifunza kuandikia watu," akaniambia. "Nimekuja kuona kwa macho yangu kama barua yangu ilitoka. Kama haikutoka, nikawaombe radhi. Kama ilitoka, wanione."

Kesho yake nilikuwa nafundisha mafungu ya barua: kikasha ambamo barua zinaingia, zilizotumwa, rasimu ambazo hujazimaliza, na barua taka. Bi Mbeleje akafungua zilizotumwa, akaiona barua yake pale, pamoja na tarehe. Akakigusa kioo cha simu kwa kidole. Kisha akaendelea kufungua moja moja kama nilivyoelekeza, mpaka kwenye taka, na pale nikasikia ile sauti nzito imebadilika.

"Mwalimu, mbona jina la watu wa Mwanza liko huku?"

Nikamwendea. Ni kweli, barua ya waandaaji ilikuwa imelala kwenye taka, katikati ya matangazo ya watu wanaouza dawa za nywele.

"Wametutupa," akasema. "Wamesoma maombi yetu, wakayatupa kwenye taka." Machozi yalikuwa yamemjaa. Wale watatu wa nyuma wakasimama.

Nikamwambia, "Hapana, mama. Hiki ni kikasha chako wewe. Hawa walikuandikia vizuri, mashine ndiyo ilidhani ni wauza dawa, ikaiweka huku. Hebu tuifungue."

Tukaifungua. Nikamwachia asome mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno. Walikuwa wamekubaliwa. Walitakiwa wathibitishe kwamba watakuja na waambatishe picha ya kikundi. Na siku ya mwisho ya kuthibitisha ilikuwa imeshapita, wiki iliyotangulia.

Mama, niliisoma ile tarehe mara mbili. Nilitaka kumwambia kwamba tumechelewa, ajaribu mwakani, na maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Bi Mbeleje akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaniuliza, "Barua iliyochelewa inakatazwa kutumwa?"

"Haikatazwi."

"Basi nionyeshe pa kujibia."

Nilimtungia mwanzo wa kiofisi, wenye "rejea kichwa cha habari hapo juu". Akauandika nusu, akaufuta. Akaandika hivi, nimeyanakili maneno yake kwa sababu nilijua utayapenda: "Ndugu zetu wa Mwanza, barua yenu tumeiona leo. Ilikuwa imepotea ndani ya mashine na sisi hatukujua pa kuitafuta. Bado tunataka kuja. Kama nafasi imekwisha, tuambieni tu, tusiendelee kungoja. Ni sisi wapiga muheme wa Haneti."

Nilidhani amemaliza. Akawageukia wale watatu. "Njooni. Leteni anwani zenu. Nawaweka kwenye sisi."

Hakuna aliyesogea mara moja. Kisha mmoja, Mama Yeriko, ambaye nilisikia baadaye kwamba ndiye aliyekuwa akimsema zaidi, akatoka nyuma na simu yake mkononi. Akataja anwani yake polepole, na Bi Mbeleje akaiandika, na walipofika kwenye jongoo wote wawili wakamtafuta kwa vidole viwili. Wengine wakafuata.

Ikabaki picha. Ngoma zilikuwa zimetundikwa majumbani, kwa hiyo darasa likavunjika, wanawake wakaenda kuzichukua, na wengine ambao hata si wanafunzi wetu wakaja wamevaa shanga zao. Wakakaa chini kwenye mchanga, Yohana akawapiga picha. Ikawa nzito, kiambatisho kikagoma, mtandao pale shuleni ni wa kubahatisha. Tukaipunguza ukubwa, tukapanda wote kwenye kilima kidogo nyuma ya zahanati, Bi Mbeleje ameinyanyua simu kama mtu anayetafuta upepo. Ile alama ya kutuma ikazunguka, ikazunguka. Halafu simu ya Mama Yeriko ikalia mlio, kisha ya mwingine, kisha ya mwingine. Nakala zilikuwa zimefika.

Mama Yeriko akasoma kimoyomoyo, midomo inatikisika. Alipomaliza akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mbeleje, jioni tuanze na ngoma kubwa. Ngozi yake imelegea, lazima iote moto." Hakusema samahani. Bi Mbeleje akajibu, "Niletee kuni." Basi, yakaisha hivyo.

Jibu lilikuja tulipokuwa tunafunga mafunzo. Nafasi yao ya siku ya kwanza ilikuwa imepewa kikundi kingine, lakini kama wako tayari, waje wapige siku ya mwisho, wakati wa kufunga. Sijawahi kusikia darasa likipiga vigelegele namna ile kwa sababu ya barua pepe.

Wamekwenda, na wamerudi. Juzi Bi Mbeleje alipitia hapa Mkonze akitokea Mwanza, amebeba begi la shuka na ndoo ndogo. Nilimpikia, akala, akanisimulia mpaka chai ikapoa. Ngoma zilipokelewa vizuri, watu waliinuka kwenye viti. Lakini kilichomkaa moyoni ni ziwa.

"Tekla, maji yote yale yamekaa tu," akasema, "na mimi nimezeeka nachimba maji mchangani. Nilisimama pale nikakasirika kidogo. Halafu nikanawa uso, nikasamehe."

Kabla hajaondoka akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia ni Mbinga, na kwamba mama yangu ni mwalimu mstaafu. Akaniuliza kama una anwani ya barua pepe. Nikasema huna, unapenda karatasi.

Akainuka. Akanisogezea ile ndoo. Ilikuwa na asali ya porini, ya Haneti, iliyobaki katika ile waliyokwenda nayo Mwanza. "Mpelekee hii. Umwambie binti yake huku hayuko peke yake. Akiugua, nitajua, na nitakuja."

Ndiyo huo mzigo, mama, na hayo ndiyo maneno yake, nimeyaleta kama yalivyo. Nilikuwa nikikuficha kwenye simu kwamba huku nilikuwa mpweke. Sasa naweza kukuambia, kwa sababu yamepita.

Nisalimie Kaka Method na wifi, mwambie wifi kitambaa alichoniagiza nimekipata cha bluu. Nisalimie shangazi wa sokoni, na katekista jirani yetu ambaye bado nina kitabu chake cha nyimbo. Watoto wa Method wabusu, na yule wa darasa la nne mkague daftari kama anaandika "xaxa".

Asali usiiweke yote kabatini kwa ajili ya wageni. Onja wewe kwanza, siku hiyo hiyo, kwa kijiko kikubwa.

Mimi binti yako akupendaye,
Tekla