Pikipiki Yako Inasimama Bila Kuzimika

Masanja, rafiki yangu,

Wewe siwezi kukuuliza hali, kwa hiyo naanza na habari za huku kwetu. Masika yamekwisha. Pamba ya shambani kwako imefumbuka vizuri, na Mama Kulwa anaichuma pamoja na wale mapacha wako. Doto amerefuka mpaka gauni la kanisani halimfai tena. Mimi bado nipo mgodini, ila wameniondoa chini, siku hizi nalinda stoo ya vifaa. Ni kwa sababu ya masikio. La kushoto unajua lilikufa siku ile baruti ilipolipuka hatujafika mbali. Sasa na la kulia linachoka. Watu wakiniita kwa nyuma nisipogeuka hudhani nina majivuno. Wewe tangu siku ile ulikuwa ukitembea kulia kwangu, wala hukuwahi kuniambia kwa nini. Nikitembea na watu wengine kila mara najikuta upande usiofaa, halafu nakukumbuka.

Lakini nilichotaka kukuandikia hasa ni habari ya pikipiki.

Tangu tulipokuzika ilikuwa imesimama palepale chini ya paa la ghala, umeifunika kwa magunia mwenyewe kabla kifua hakijakulaza. Mdogo wako alikuja kuiomba, Mama Kulwa akakataa. Fundi wa malori alikuja kuitazama, Mama Kulwa akamkatalia naye. Mimi sikumwomba, lakini hata mimi aliniambia, "Shemeji, isiwashwe." Hakueleza zaidi. Nilimwelewa. Miaka yote ile alikuwa akisikia mlio wako unapopanda kutoka mtoni, ndipo anabandika maji ya ugali. Mlio ule ulikuwa ni wewe. Angeusikiaje halafu akamwona mtu mwingine anashuka?

Sasa juzijuzi alipita mchuuzi mmoja wa dagaa kutoka Nkome, akaleta salamu za mama yako. Unajua hakuwepo kwenye mazishi. Alikuwa mgonjwa, na njia ilikuwa maji matupu. Habari ya kifo chako alipelekewa na mtu aliyeipata kwa mtu. Yule mchuuzi akasema bibi amepona kidogo, lakini amekuwa na neno moja tu kwa kila anayepita: "Nimeambiwa na watu ambao hawakumwona. Sijaambiwa na aliyemshika."

Mama Kulwa alinitumia ujumbe jioni hiyohiyo. Nilipofika alikuwa ameketi mlangoni, kitenge kimefungwa kama mtu anayesafiri. Akasema, "Shemeji, washa pikipiki. Tunakwenda Nkome kwa mama mkwe, kwa mayu."

Nikamwambia tungoje lori. Akasema malori yote yanabeba pamba, na mzee hangoji pamba. Nikamwambia basi, mimi si ndugu yako wa damu, wala dini yetu si moja, watu wakimwona mjane wa Masanja nyuma ya Ramadhani wataongea. Akasema, "Wataongea, kisha watachoka." Ndivyo alivyo, Masanja. Unamjua.

Kesho yake, Jumapili, nilikuja walipotoka misa. Nikaondoa magunia. Panya walikuwa wamezaa kwenye tandiko. Petroli iliyobaki ndani ilikuwa imegeuka kitu kama gundi, kwa hiyo nikalazimika kufungua kabureta yote, nikaiosha kwa petroli mpya, nikapuliza kila kitundu mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nikairudisha. Ikawaka. Nilipoipiga teke na ikakubali, niliinama kwenye usukani nikakaa hivyo kidogo.

Lakini ilikuwa haiwezi kusimama huku inawaka. Ukiiongezea moto inakwenda, ukiiachia ingurume yenyewe taratibu, inatetemeka na kuzimika. Nilijua kosa ni nini. Kufungua kabureta ni kufungua na ile skrubu ndogo ya hewa, ile uliyokuwa huruhusu mtu kuigusa, na pale ulipokuwa umeiacha pamepotea. Kurekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta ulinifundisha vizuri kabisa. Nakumbuka ulivyokuwa ukichuchumaa hapohapo uani baada ya misa, bisibisi mkononi, macho umefumba, na Mama Kulwa anakufokea jikoni kwamba moshi unaingia kwenye nguo alizoanika. Ulikuwa ukisema, "Mwache aamke kwanza." Na kweli, injini ikiwa baridi hudanganya. Basi nikaiacha ipate moto, mkono wangu ukiwa kwenye kishikio ili isizimike.

Hapo ndipo niliposhindwa. Wewe ulikuwa ukirekebisha kwa sikio. Mimi nilizungusha skrubu ndani, nikazungusha nje, na kwangu yote ilikuwa ni kelele ileile, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Niliweka kiganja juu ya tangi nikaona naweza kuhisi mtetemo, lakini mtetemo hauniambii kila kitu. Nikazima. Nikakaa chini.

Mama Kulwa alikuwa jikoni. Tangu nilipoiwasha mara ya kwanza hakuwa ametoka. Sasa akatoka, akifuta mikono, akasimama mbali kidogo. Akauliza, "Mbona umeacha?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia sisikii.

Halafu akasogeza kigoda, akaketi karibu na sailensa, mahali ambapo kwa siku nyingine angesema moshi unamuumiza. Akasema, "Washa. Mimi nasikia."

Nikawasha. Nikamwomba aniambie tu anachosikia, asijali majina ya vyuma. Nikaikaza ile skrubu taratibu, hewa ikapungua, mafuta yakazidi. Akasema, "Inakoroma. Kama mtu aliyeshiba akalala." Moshi mweusi ukatoka. Nikailegeza. Akasema inakuwa nyepesi, inakuwa nyepesi, halafu akasema, "Hapo inakohoa," na mimi nikahisi mkononi kabureta ikitema pumzi kwa mdomo wake. Hewa imezidi. Nikarudi nyuma kidogo. Akatikisa kichwa. Nikarudi tena kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Mkono wangu juu ya tangi ukahisi mtetemo unatulia, unakuwa sawa, kama moyo wa mtu aliyepumzika. Kisha nikaishusha ile skrubu nyingine, ya mwendo, mpaka injini ikawa inanguruma polepole kabisa.

Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho kama wewe.

Akasema, "Hapo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiingia."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi sikuzima. Sikujua kama nizime au nisizime, kwa hiyo nikaiacha inanguruma mpaka alipofungua tena, uso ameosha, akaniuliza kama nimekula.

Tulisafiri alfajiri. Sitakueleza njia yote, unaijua. Pale kwenye kinamasi tulingoja sana magari ya ng'ombe yapite, na pikipiki ilingoja nasi bila kuzimika, nami nikasema moyoni, Masanja, angalia. Mama Kulwa alikaa nyuma ameshika tandiko, kikapu mapajani, ndani yake lile shati lako la kijani na rozari yako. Mara moja tu aliniomba tusimame. Nikadhani amechoka. Kumbe alitaka kushuka atembee kidogo peke yake.

Sasa nisikilize hili, maana ndilo lililonifanya niombe karatasi.

Tulifika saa za mchana. Mimi kwa masikio yangu sikujua lolote, naendesha tu, natazama mashimo. Tulipokata kona ya mwisho nikamwona mama yako amekwisha toka nje. Macho yake yamefifia sana, Masanja. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, fimbo imeanguka chini, mikono ameinyosha mbele. Amesikia mlio. Mama Kulwa ndiye aliyeniambia baadaye alichokuwa akikiita, kwa sababu mimi niliona midomo tu. Alikuwa anakuita wewe.

Tulikuwa tumeurekebisha mlio ule ukawa wako hasa, na hatukufikiri nani mwingine anaujua.

Mama Kulwa aliruka kabla sijasimama vizuri. Alipiga magoti mbele yake, akamsalimia, "Mwadila, mayu," na yule mzee akakipapasa kichwa chake, akayapapasa mabega yake, akajua ni nani. Akajua na kwamba aliyekuja si wewe. Nikapeleka mkono nizime injini, kwa aibu. Mama yako akasema jambo kwa Kisukuma. Mama Kulwa akageuka akanionyesha kwa mkono, hapana. Akaniambia kwa sauti ili nisikie: "Anasema usizime kwanza."

Basi nikakaa palepale juu ya tandiko, miguu chini. Walilia. Wanawake wa jirani wakaja wakalia. Na pikipiki yako ikanguruma katikati yao polepole, haikupanda, haikushuka, haikuzimika, mpaka mama yako mwenyewe alipojifuta uso na kusema inatosha.

Baadaye tuliketi ndani. Mama Kulwa alimwambia yote, kuanzia kikohozi cha kwanza. Mimi nikamwambia yangu. Aliniuliza, "Ni wewe uliyemshika?" Nikasema ndiyo, mayu, nilikuwa nimemshika mgongo ili apumue, na alikuwa anazungumza juu ya mvua. Akaichukua mikono yangu akaitazama kwa karibu sana. Akaifunga ndani ya mikono yake tukakaa hivyo, na shati lako lilikuwa mapajani mwake.

Anataka kuliona kaburi. Nimemwambia barabara ni mbaya na mgongo wake ni wa mzee, tungoje malori yamalize pamba. Akaniuliza kama nyuma ya pikipiki kuna pa kushika.

Basi nakuaga, Masanja. Mimi naomba kwa namna yangu na wao wanakuombea kwa namna yao, naamini zote zinakufikia. Na nakuahidi hili: kabla mvua za vuli hazijaanza nitamleta mama yako hapo ulipolala. Nitamfunga kwa kitenge mgongoni mwangu kama itabidi, nitakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na nitamfikisha.

Rafiki yako,
Ramadhani