Miguu ya Baba

Kianda, Kibera
Jumapili

Musembi,

Niaje? Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hushiki. Huku tuko tu. Mvua imeingia kwa nyumba mara mbili, na mwanangu Valentine amefika gredi ya nane. Huko Kawangware bado unashona viatu?

Unakumbuka miguu ya Baba ilivyovimba, ukasema Mama Kanini, mke wake mdogo, amemlisha kitu? Ulimtupia sufuria zake nje hata matanga hayajaisha. Mimi nilisimama pale nikanyamaza, kwa hivyo sijitoi lawamani.

Sasa miguu yangu imevimba hivyo hivyo. Sukari imeshaharibu figo. Daktari aliniuliza Baba aliuawa na nini, nikaona haya kusema uchawi. Nilipomweleza ile miguu, akaniambia si kila mwenye sukari huharibika figo, lakini kuna familia zinazorithishana udhaifu huo, mzazi kwa mtoto, na yetu inaonekana ni mojawapo. Ni Baba aliyetuachia ugonjwa huu, Musembi. Mama Kanini hakumlisha kitu.

Nenda upimwe sukari na mkojo. Usingoje miguu.

Mara mbili kwa wiki nasafishwa damu kwa mashine. Wewe hujakuja hata siku moja. Anayenishika mkono hadi kwa kitanda cha hospitali ni Mama Kanini, na hajawahi kunitajia zile sufuria.

Ndiye amekuletea barua hii. Kama bado umemsimamisha mlangoni, mpe kiti.

Dada yako,
Kasiva