Mayai ya Shemeji Jared

Jumatatu, 3 Februari 1964

Leo nimewapikia vijidudu vya TB! Mayai kumi na mawili, nikayapiga, nikayachuja, nikayagandisha kwa moto mdogo ndani ya vichupa. Wanakula vizuri kuliko mimi.

Mayai kaleta shemeji Jared mwenyewe, mume wa dada yangu Filister. Kila akitoka Magunga kuja hapa Homa Bay kuchukua vidonge, huniletea kikapu. Miezi mitano ya vidonge — na bado anakohoa! Bwana Walter, mkuu wa maabara, anasema huenda vijidudu vyake vimeizoea dawa. Kwa hiyo tumepanda makohozi yake. Vichupa vingine vina dawa ya zamani, vingine ile mpya ya Nairobi (ni ile ile, wameigeuza kidogo), na vingine havina dawa. Zikishindwa zote mbili, Jared atapelekwa Nairobi kukatwa mbavu, ili pafu bovu lilale. Filister ana watoto wanne. Naogopa.

Jumanne, 17 Machi

Hakuna kilichoota, dawa zinaua! Nimecheza katikati ya maabara na koti jeupe!

Bwana Walter akauliza, na vile visivyo na dawa? Vitupu pia. Basi hatujui kitu, akasema, kuna kitu kwenye chakula chako kinachoua. Chakula changu! Mimi ninayechemsha hata kijiko mara mbili! Sikumsemesha tena mpaka saa kumi.

Jumamosi, 21 Machi

Nimefika Magunga kuona kuku waliotaga yale mayai. Wamenona, wanatamba uani kama machifu. Nikamsifu Filister.

"Si mimi, ni Jared," akasema. "Kila asubuhi anasaga dawa ya kuku, anaweka kwa maji yao."

Nikaomba kuiona. Akaleta mkebe. Vidonge vyetu vya TB! Kumbe dawa ilipitia kwa kuku ikaingia kwenye mayai, ndiyo iliyoua vijidudu vyangu. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena.

Jared hakuona aibu. Eti vinamchafua tumbo, na kuku nao walikuwa wanakohoa — dawa ya kifua si ni dawa ya kifua? "Na mama yenu akikuja nimchinjie nini? Nimpe omena, dagaa tu?"

Filister hakucheka hata kidogo. Alikaa chini na mkebe mapajani. Jioni nimerudi nikamweleza daktari, naye amesema tupime upya kwanza. Mayai nitanunua sokoni, kwa watu wasiojua tiba.

Jumatatu, 4 Mei

Wameota! Vichupa visivyo na dawa vimejaa, manjano kama makombo ya mkate. Sijawahi kufurahia ugonjwa hivi! Dawa mpya: hakuna kitu. Dawa ya zamani: hakuna kitu! Vijidudu hawakuizoea, hawakuwahi kuionja vizuri. Nairobi hakuna, mbavu zinabaki zake.

Ila lazima ameze. Amelazwa leo, na kazi ya kumwangalia nimepewa mimi. Naandika nikiwa kando ya kitanda. Kidonge nimemwekea ulimini kwa mkono wangu, maji amekunywa bilauri nzima.

"Umemeza, shemeji?"

Anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

"Haya, sema basi."

Anatabasamu tu, midomo imefungwa. Shavu la kushoto limevimba. Filister amesimama mlangoni, anatutazama. Mimi siondoki hapa.