Uliporuka Mara ya Pili

Kwako mume wangu, baba Zuhura,

Eda yangu imekwisha wiki iliyopita. Nakuandikia jambo ambalo hadi jana nilikuwa sijamwambia mtu.

Jumapili ile kiwanda cha mkonge kilifungwa, wewe na rafiki yako Salehe mkaenda na kamera ya kuazima kupiga sinema yenu, nami nikawafuata. Wewe ndiwe mwizi. Shati la mwizi nilikushonea mimi. Ulitakiwa uruke kutoka kwenye toroli la mkonge likiwa mbioni relini. Uliruka, ukabiringika nyasini, ukainuka unacheka, ukanijia mbio.

"Mama Zuhura, umenionaje?"

Nami, kwa kutaka kuonekana najua, nikasema, "Uso haukuonekana. Kofia imekufunika."

Ukamgeukia Salehe. "Turudie."

Mara ya pili mguu ulinasa kwenye chuma cha toroli, ukaanguka. Nilipokufikia nilikuita, hukuitika.

Jana Salehe alileta mkanda, umerudi kutoka Ulaya ulikopelekwa kusafishwa. Tulifunga madirisha mchana, tukatundika shuka yetu ukutani. Mama yako alikaa karibu nami, amenishika mkono kama alivyonishika tangu siku ya maziko. Ukatokea. Ukaruka. Baba Zuhura, uso ulionekana wote! Kofia ilikuwa imerudi kisogoni, na meno yako yote nje.

"Mwanangu huyo!" Mama akalia, akacheka. Kisha akauliza, "Sasa alirudia ya nini, na hii ni nzuri hivi?"

Salehe aliinamisha kichwa. Alinisikia siku ile, akanisitiri. Lakini mimi nilishindwa kunyamaza.

"Mama, ni mimi niliyemwambia uso haukuonekana."

Akauachia mkono wangu. Hakunitukana, na heri angenitukana. Leo alfajiri amefunga nguo zake, amekwenda kwa dada yako, huko Mkwaja. Zuhura anazunguka vyumbani akimwita bibi yake.

Salehe ameniachia mkanda, mashine ya kuuonyeshea kaondoka nayo. Tangu asubuhi nimesimama dirishani, naunyoosha kwenye mwanga. Uko humo, mdogo kama ukucha, umesimama juu ya toroli. Nasogeza kidogo, bado umesimama. Nasogeza tena. Nikifika pale mguu wako unapoinuka, narudi nyuma.

Mungu akurehemu. Nami, kama huko mtu husamehe, nisamehe.

Mkeo,
Mama Zuhura